Kiti Kimoja Ndani

Nilipokata kona ya Mirongo, Mwanza, na kuona viti vya Mama Koku viko nje, nilishtuka, ingawa nilikuwa nimeshaambiwa kwa simu tangu alfajiri kwamba ametutoka, na safari yenyewe niliifunga kwa ajili hiyo. Kwetu huku viti vikitoka sebuleni na mikeka ikaingia, hakuna haja ya kuuliza. Mwanamume anavua kofia, mwanamke anajifunga khanga ya pili, na wanaingia wakiwa wameshaanza kulia. Nilisimama nje ya uzio nikavitazama. Ni viti vizito vya mninga, mito yake imebadilishwa vitambaa mara nyingi lakini mbao ni zile zile, na vilikuwa vimepangwa chini ya turubai, wanaume wamevikalia wakizungumza kwa sauti ya chini. Ilikuwa Desemba, Krismasi inakaribia, na duka la jirani lilishatundika vile vitaa vidogo vinavyowaka na kuzima. Nami, mwanamke mzima mwenye watoto walionipita kimo, nikashikwa na hofu ile ile ya mwaka wa tisini na sita, kwa sababu niliwahi kuviona viti hivi viko nje namna hii, Desemba kama hii, na siku ile vilitudanganya.

Mimi ni mwoga, sioni haya kusema. Nimeishi Misungwi miaka yote hii, na watu wakiniuliza kwa nini sikuhamia Ukerewe alikopangiwa kazi mume wangu, nasingizia shamba. Ukweli ni kwamba kutoka Misungwi unafika mjini kwa nchi kavu. Mume wangu alikwenda Nansio, huko kisiwani, peke yake akapika ugali wake mwenyewe mpaka alipohamishwa, na kila alipopanda meli kuja kunisalimia sikula kitu mpaka nimsikie mlangoni. Sikuzaliwa hivyo. Nilikulia kando ya ziwa, nikioga ndani yake na kupiga mbizi kutoka kwenye majabali. Uoga huu niliupata nikiwa darasa la tano, katika mwaka mmoja, na naweza kukuonyesha hata chumba nilichoupatia.

Kabla ya mwaka huo Krismasi yetu ilikuwa na utaratibu wake, na wenye utaratibu tulikuwa watatu: mimi Kabula, Koku, na Zaituni. Zaituni alikuwa Mwislamu, lakini hilo halikumzuia mtu kula. Krismasi alikuwa wetu, na Idi sisi tulikuwa wa kwao. Kazi yetu ilikuwa kupaka chokaa. Wiki ya Krismasi tulipita nyumba moja baada ya nyingine na ndoo yetu na brashi za katani tulizoponda wenyewe, tukitia kwenye chokaa bluu kidogo ya kufulia nguo ili ukuta ung'ae. Kila nyumba ilitulipa kwa chakula: hapa maandazi, pale chapati, kwingine soda moja tugawane, na ugomvi wa kugawana soda ulikuwa sehemu ya sikukuu. Tulikata tawi la msaiprasi tukalisimamisha kwenye kopo la mchanga, tukalibandika pamba tulizookota njiani zikidondoka kutoka kwenye malori ya pamba, kwa kuwa kwenye kadi tulizoziona miti ya Krismasi ilikuwa myeupe na hakuna aliyetueleza ni kwa nini. Nyumba ya mwisho, siku ya mkesha, ilikuwa ya Mama Koku. Tuliiacha makusudi. Pale malipo yalikuwa senene.

Sebule ya Mama Koku naiona hata nikifumba macho. Alikuwa mwalimu, mjane, mtu wa Kamachumu kule Bukoba, na hakuwa na chumba kingine cha kuringia. Viti vilifunikwa vitambaa alivyofuma kwa mkono wake. Ukutani palikuwa na picha ya Bikira Maria, na chini yake kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, kwa ajili ya mgeni. Kimoja kati ya viti, kile cha karibu na dirisha, mkono wake ulikuwa umelegea. Hicho kilikuwa chake. Mtu mwingine akikikalia mkono ulichomoka, naye akacheka mpaka machozi, halafu akaurudisha kwa kupiga kwa ngumi. Senene walikuja na yeye au na ndugu yake yeyote aliyevuka kutoka Bukoba wakati wa mvua, wamekaangwa na kujazwa kwenye kopo la maziwa ya unga, nasi tulikaa sakafuni miguu imejaa chokaa tukiwatafuna kama karanga. Mama yangu, Msukuma, alikuwa akisema hawezi kula panzi. Kila mwaka alisema hivyo, na kila mwaka mkono wake ulikuwa kwenye kopo.

Mwezi wa tano mwaka ule meli iliyotoka Bukoba ilizama ikiwa imeshakaribia kufika kwetu. Sitaeleza mengi, waliofiwa wapo na wanasoma. Nitasema tu kilichoingia jikoni kwetu. Watu wa Mwanza waliacha samaki. Sato waliolala sokoni asubuhi walikuwa wamelala pale pale jioni, nzi juu yao, na wauzaji hawakupigia mtu kelele kumwita. Mama alipika maharage, akapika mlenda, akapika maharage tena, na siku mjomba aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha minofu alipoleta mapanki aliyozoea kutuletea, yale mabaki ya samaki yenye mifupa, mama aliyapokea kwa heshima, akamshukuru, na alipoondoka tu akayafukia nyuma ya nyumba. Hatukuuliza. Tulijua wanachosema watu kuhusu samaki na chakula chao. Nilianza kuyaogopa hata maji ya kwenye glasi. Shuleni madawati mawili ya darasa letu yalibaki wazi, na mwalimu hakuyaondoa wala hakumkalisha mtu.

Shule zilipofungwa Desemba, Mama Koku akapata habari kuwa mama yake mzazi anaumwa. Ilibidi aende. Jioni ya kuondoka alikuja kwetu na Koku, na begi la nguo za Koku, wakakaa jikoni ambapo mama alikuwa akikoroga uji.

"Nitamwona bibi, nitageuza," alisema. "Mkesha nitakuwa hapa."

"Utarudi na nini?" Koku akauliza.

"Nitaona huko huko."

"Na meli?"

"Nimesema nitaona, Koku."

Mama akaweka mwiko chini. "Mama Koku, meli siku hizi wanahesabu watu, si kama zamani. Barabara ndiyo mbaya. Kule Biharamulo wanateka magari mchana kweupe."

Mama Koku akacheka, ila kicheko chake cha siku zote hakikuwemo ndani yake. "Kwa hiyo wewe dada unanichagulia. Maji au bunduki?"

Akambusu Koku kichwani, akasema senene lazima tule mwaka huu, na tusije tukapaka chokaa sebule yake ovyo ovyo tukamchafulia Bikira Maria. Aliondoka kwa meli, kwa sababu tiketi alishakata, na siku iliyofuata kuna mtu alipiga simu ya upepo kwenye misheni kutuambia amefika salama. Kuhusu kurudi hatukupata neno lolote.

Koku alilala nami kitanda kimoja. Alikuwa msichana wa maneno mengi, wa kunifundisha mimi matusi, lakini siku zile alinyamaza. Kila asubuhi alipanda jabali la juu ya mtaa, akalitazama ziwa, akashuka na kuosha vyombo. Mchana mmoja nilikuwa nimelala chumbani nikiumwa tumbo, pazia limeshuka, na mama na Mama Zaituni walikuwa upande wa pili wakichambua mchele wa sikukuu. Nilisikia punje zikidondoka kwenye ungo.

"Redio imesema upepo unazidi," alisema Mama Zaituni.

"Nimesikia."

"Likitokea la kutokea, huyu mtoto itakuwaje?"

Mama alichambua kwanza. "Atabaki hapa. Nitafanyaje? Atakuwa wangu."

Nilijifunika shuka mpaka kichwani. Neno lile lilikuwa la wema, leo nalijua, na sijui wanawake wangapi wangelitamka bila kusita. Lakini mimi nilichosikia ni kwamba mama ameshamzika Mama Koku moyoni mwake, ameshagawa kitanda, na kama mama ameshakubali basi jambo lenyewe limeshakuwa. Kuanzia hapo sikuweza kumtazama Koku machoni. Alipoomba chumvi nilimpa bila kumwangalia, kama watu wanavyompa kitu mfiwa.

Mkesha ulipofika, upepo ulikuwa umevuma tangu usiku na mabati yalikuwa yakilia. Meli ilitazamiwa asubuhi. Mama akamchukua Koku wakaenda bandarini, na mimi na Zaituni tukaachiwa ufunguo wa nyumba ya Mama Koku. Saa za asubuhi zikapita, hawakurudi. Zaituni, ambaye hakuwahi kuogopa kitu isipokuwa mama yake, akasema tupake chokaa. Tupake sasa hivi, tumalize, ili akifika akute kumeng'aa. Nadhani sote wawili tulifikiri kwamba kama tukifanya kila kitu kama miaka yote, naye atakuja kama miaka yote. Basi tukatoa viti. Miaka mingine tulivisogeza tu katikati ya sebule tukavifunika magunia, Mama Koku akitupigia kelele. Safari hii hapakuwa na mtu wa kutupigia kelele, na sisi tulitaka kazi safi, kwa hiyo tukavikokota kimoja kimoja mpaka vyote vikawa uani, tukavipanga vizuri kwa mstari, na mkeka mkubwa tukautandika sakafuni usidondokewe na chokaa. Nikiandika haya najiuliza tulikuwa na akili gani. Tulikuwa tumeona misiba mingi mwaka ule kuliko watu wazima wengi. Hatukuona tulichokuwa tunakitengeneza.

Tulikuwa tumeshapaka ukuta mmoja na nusu tuliposikia mwanamke analia nje, akimwita mama yake kwa Kisukuma. "Mayu wane! Mama Koku wee! Mwalimu wee!" Ilikuwa sauti ya Mama Mathias, muuza maandazi wa ng'ambo ya barabara. Alikuwa anatoka bandarini, ambako meli ilikuwa haijaonekana na watu walikuwa wameanza kuzungumza, akapita, akaona viti. Hapo hapo akaweka beseni chini na kushika kichwa. Sauti ya pili ikaitikia kutoka nyumba ya nyuma, kisha ya tatu. Zaituni akanitazama, brashi ikimdondokea chokaa miguuni.

"Imezama," alisema.

Na mimi niliamini. Mimi niliyevikokota vile viti kwa mikono yangu, nikatoka, nikaona wanawake wanaingia uani wamejifunga khanga, wanalia kweli, kwa majina, nikajua habari imefika. Sikufikiria kuuliza imefikaje. Tulikaa kwenye mkeka wetu wenyewe, katikati yao, tukalia. Uani mtu alishawasha moto wa kuni, mwingine ameleta sufuria, na mzee mmoja wa jumuiya ya kanisa alikuwa anauliza taratibu kama mwili utapatikana. Lile neno "mwili" ndilo ninaloliota hadi leo.

Koku na mama walirudi mchana umeshapinda. Meli ilikuwa imefika salama, imechelewa tu kwa upepo, na walikuwa wamesimama pale mpaka abiria wa mwisho akashuka. Mama Koku hakuwemo. Walikuwa wanakuja na hilo tu, nusu ya habari, wakibishana njiani kama ni habari nzuri au mbaya, wakakata kona. Nilimwona Koku kabla hajaniona. Alitazama viti, akatazama moto, akatazama wanawake, na uso wake ukafunga. Hakulia. Alikaa chini barabarani, pale pale, kama mtoto mdogo aliyechoka kutembea.

Mama akaingia uani. "Nani ameleta habari?"

Waliokuwa wakilia wakainua nyuso.

"Nauliza, nani kawaambia? Mimi nimetoka bandarini sasa hivi. Meli imefika nzima."

Wanawake wakatazamana. Huyu alisikia kwa yule, yule alisikia kwa Mama Mathias, na Mama Mathias, macho yamevimba, akanyoosha kidole. "Mimi nimeona viti."

"Na viti vimetolewa na nani?"

Zaituni akainua brashi yake. Nilidhani mama atatupiga. Hakutupiga, alijishika kiuno akatazama angani, na kwa muda mfupi nilifikiri watu watacheka. Lakini hakuna aliyecheka, na hapo ndipo hofu yenyewe ilipoanza, kwa sababu kila mmoja aliuliza moyoni jambo moja: kama hakupanda meli, yuko wapi? Barabara ya Biharamulo kila mtu aliijua. Mtu mmoja akasema virudisheni basi hivyo viti ndani. Hakuna aliyeinuka. Mama Zaituni akasema, polepole, "Tukivirudisha, na habari ikaja jioni?" Watu wakaitikia kwa vichwa. Kuvirudisha kulikuwa kama kumchokoza Mungu, kuviacha kulikuwa kama kumwita. Kwa hiyo wakabaki wamekaa, hawalii, hawaondoki, sufuria la chai linachemka, ukuta wetu mmoja na nusu unakauka.

Koku aliingia uani hajaangalia mtu. Akaenda kwenye kile kiti chenye mkono uliolegea, akakikumbatia, akakiinua. Kilikuwa kinamshinda. Mkono ukachomoka, akauokota akaushika kwa meno, akakiburuta mpaka sebuleni, akakiweka karibu na dirisha mahali pake, akarudisha mkono kwa kupiga kwa ngumi kama mama yake. Akakaa. Chokaa mbichi ikamshika mgongoni. "Hapa hakuna msiba," alisema, "kiti kiko ndani." Nilitaka kwenda kukaa naye lakini niliogopa. Nilisimama mlangoni. Alikuwa anatetemeka mwili mzima na kiti kilikuwa kinagonga sakafu, na sauti ile, ko-ko-ko ya mguu wa kiti kwenye saruji, sijawahi kuisahau.

Lori la ndizi lilisimama barabarani jua likiwa linaelekea kuzama. Mama Koku alishuka kutoka mbele, vumbi limemfanya mwekundu kuanzia nywele mpaka viatu, kopo mkononi. Alikuwa anatabasamu. Kisha akaona viti vyake uani, na moto, na majirani wamekaa na khanga, na sisi tuliokuwa tumekusanyika tukamwona kwa wakati mmoja. Mama Mathias akapiga ukelele akakimbia, akiamini anaona mzuka. Na Mama Koku akapiga ukelele mkubwa zaidi, kwa sababu katika nyumba ile, yeye akiwa safarini, kulikuwa na mtu mmoja tu wa kufa.

"Koku! Mwanangu! Mmemfanyaje mwanangu?"

Kopo lilimponyoka, senene wakamwagika mchangani. Alikimbia akipita juu ya watu, akaingia sebuleni, akamkuta mtoto kwenye kiti, mgongo mweupe. Sikuona kilichofuata kwa sababu mama alinivuta akafunga mlango. Tulisikia tu. Walilia wote wawili kwa Kihaya muda mrefu, nje na sisi tukalia tena, na mwishowe tukaanza kuokota senene mchangani, tukiwapuliza mmoja mmoja. Mama yangu aliokota kuliko wote.

Siku ya Krismasi, baada ya misa, tukila kuku na wali kwao, Mama Koku alitueleza. Alifika bandari ya Bukoba na tiketi mkononi. Mguu mmoja ulipanda ngazi ya meli, wa pili ukakataa. Watu nyuma walimsukuma, wakamtukana, akatoka kwenye mstari akakaa juu ya mzigo wa mtu mpaka meli ikaondoka. Akatafuta lori. Biharamulo walingoja msafara wa magari yenye polisi, na kwenye kivuko cha Busisi alijifungia mbele ya lori macho yamefumbwa, akasali rozari mpaka dereva akamgusa bega kumwambia mama, tumeshavuka, tupo Kigongo. Alisimulia kwa kuchekesha, akimwigiza dereva, na watu wazima walicheka sana. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona kwamba yule mwanamke asiyeogopa kitu aliogopa, na kwamba watu wazima wote hawakujua lolote, walikuwa wanatazama viti kama sisi.

Tangu mwaka ule akaweka sheria yake. Mkipaka chokaa, alisema, kiti kimoja kinabaki ndani, watu wakipita wachungulie wakione. Mama yangu naye akaanza kuacha kimoja, na Mama Zaituni pia, mpaka ikawa desturi ya mtaa ambayo watoto wa leo hawajui ilikotoka. Huko kwangu Misungwi ninafanya hivyo hivyo kila Krismasi. Mafundi wa rangi wananilalamikia.

Haya yote nilikuwa nikiyafikiria nimesimama nje ya uzio, mpaka Zaituni aliyekuwa kwenye masufuria uani akaniona. Akaja akinifuta machozi kwa upindo wa khanga yake yenye harufu ya moshi. "Ingia," alisema. "Koku anakusumbukia. Na watu wamekasirika humo ndani."

Niliingia. Sebule ilikuwa imejaa wanawake kwenye mikeka, nikawaamkia, wakaitikia marahaba kwa sauti za kukwaruza. Katikati yao, karibu na dirisha, kikiwa kimechukua nafasi ya watu watatu, kilikuwepo kile kiti. Hakuna aliyekikalia. Mama mmoja mzee nisiyemjua alikuwa amebanwa ukutani na mguu wa kiti, akanong'ona kwamba tangu asubuhi wanamwambia binti akitoe na hataki, na hasemi kwa nini. Koku alikuwa ameketi sakafuni kando ya kiti, mkono wake juu ya ule mkono uliolegea. Nywele zake zimeingia mvi kama za mama yake. Nilipiga magoti, tukashikana, tukalia mpaka tulipochoka.

"Nilikuwa nawangoja," aliniambia. "Siwezi kukitoa peke yangu."

Nikamwita Zaituni. Akaja, mikono ina unga. Tulikiinua sote watatu, mkono ukachomoka kama siku zote, Koku akaushika. Wanawake wakatupisha. Tukakipitisha mlangoni, tukakiweka chini ya turubai pamoja na vingine.